UKUTA WA MGONJWA NI JIRANI YAKE

Katika visiwa vyetu, likitajwa neno chanjo, picha iwajiayo wengi mbele ya macho ni ya mama aliyempakata mtoto, kadi mkononi, akingoja zamu yake katika baraza ya kituo cha afya. Picha hiyo ni ya kweli, tena ni ya fahari. Mama zetu wamejifunza somo la chanjo na wanalishika, na kwa ajili yao maradhi kama pepopunda ya watoto wachanga, kifaduro, dondakoo na surua hayana tena nguvu ya kujaza makaburi kama yalivyokuwa yakifanya katika siku za bibi zetu. Lakini leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mtu ambaye hayumo katika picha hiyo.

Mtu huyo ni mtu mzima, naye ni mgonjwa. Pengine ana kisukari. Pengine ana presha iliyokwisha kuugusa moyo. Pengine ana pumu. Huenda figo zake zimechoka na damu yake husafishwa kwa mashine. Huenda anaishi na virusi vya ukimwi na humeza dawa zake kila siku bila ya kukosa. Huenda alizaliwa na selimundu, au anatibiwa saratani kwa dawa ambazo, pamoja na kuupiga uvimbe, huwapiga pia askari wa mwili wake mwenyewe. Mtu huyo si mgeni wa hospitali. Huenda kliniki mwezi kwa mwezi, hupimwa sukari, hupimwa presha, hupewa vidonge, huonywa juu ya chumvi na mafuta, kisha hurudi kwake. Twauliza: katika safari zote hizo, ni mara ngapi huulizwa, "Je, umechanjwa?"

Hilo ndilo jambo letu la leo. Twaamini kwamba ni jambo kubwa, maana yule anayehitaji kinga kuliko sisi sote ndiye ambaye kinga imemsahau.

KOVU LA WAZEE

Wako wasemao kwamba chanjo ni mambo ya watoto, na mtu mzima aliyekwisha kuota mvi hana haja ya kuchomwa sindano kama mwana wa jana. Fikira hii ni ngeni, wala haina asili. Neno lenyewe chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Kwa kuwa chanjo ya ndui, iliyo ya kwanza kujulikana duniani tangu mganga wa Kiingereza, Edward Jenner, alipoijaribu mwaka 1796, ilitiwa kwa kuchanjwa mkono. Watazameni wazee wetu waliobaki. Wengi wao wangali na lile kovu la mviringo juu ya mkono. Ndui haikuuliza umri wa mtu, na chanjo yake haikuuliza umri. Walichanjwa watoto, walichanjwa mababu, walichanjwa mabaharia na wachukuzi.

Na mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia yake ya kawaida hakuwa mtoto. Alikuwa kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, ambao ni jirani wa Barawa, mji unaojulikana sana kwa Waswahili. Ilikuwa Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, mahali ambapo chanjo ilikuwa karibu naye kuliko alivyokuwa karibu nayo mtu yeyote mwingine katika mji ule, lakini hakuwa na kinga, maana aliiogopa sindano kwa kudhani itamuumiza. Mungu alimponya. Baadaye akajitolea kufanya kazi ya kampeni ya kutokomeza polio katika nchi yake, akiwasimulia watu habari zake mwenyewe ili wasifanye kama alivyofanya, mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Haikwisha kwa kuchanjwa watoto peke yao.

HESABU NDOGO YA MIAKA

Tufanye hesabu ambayo kila msomaji aweza kuifanya kwa vidole vyake. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mkubwa wa chanjo za watoto mwaka 1974, na nchi yetu ikaingia katika mpango huo mwaka 1975. Basi aliyezaliwa kabla ya hapo, ambaye leo ni mtu wa zaidi ya miaka 50, hakuzaliwa katika zama za kadi ya chanjo. Chanjo ya homa ya ini, ile inayoitwa B, iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002. Basi kila aliyezaliwa kabla ya mwaka huo, nao ndio wafanyakazi walio wengi katika afisi, bandari, mashamba na hoteli zetu, hakuipata alipokuwa mchanga. Chanjo ya vijidudu viletavyo kichomi, yaani nimonia, iliingia mwaka 2013. Wazazi wa watoto wanaoipata leo hawakuipata wao.

Na iko hesabu nyingine. Chanjo ya pepopunda hupewa kina mama wanapokuwa waja wazito, ili kuwalinda wao na watoto wao. Hilo ni jema. Lakini baba je? Mkulima wa muhogo, mvunja mawe, mvuvi anayekanyaga msumari wa dau, fundi mwashi: hao huambiwa habari za pepopunda siku watakapokwenda hospitali na kidonda. Na ikiwa mtu huyo ana kisukari, na mguu wake una kidonda kisichopona kwa miezi, basi mlango uko wazi usiku na mchana.

Kwa hesabu hizi yaonekana kwamba watu wazima wengi miongoni mwetu hawana kinga kwa sababu tu ya mwaka waliozaliwa. Hawakukataa chanjo. Chanjo ilifika baada yao, na hakuna aliyerudi nyuma kuwatafuta.

KWA NINI MGONJWA KWANZA

Pengine msomaji atauliza, kama sisi sote tumo katika hali hiyo, kwa nini mgonjwa atangulizwe? Jawabu ni kwamba maradhi yale yale humtembelea mzima na mgonjwa, lakini hayafanyi kazi moja katika nyumba mbili.

Homa ya mafua humlaza kijana mwenye afya siku tatu au nne, kisha akaamka akaenda kazini. Homa hiyo hiyo ikimwingia mwenye kisukari humpandishia sukari, na pengine ikamfikisha wodini. Ikimwingia mwenye pumu, kifua hufunga. Ikimwingia mwenye moyo mgonjwa, yaweza kuuchokoza moyo wenyewe. Waganga wamethibitisha kwamba hatari ya shambulio la moyo huzidi katika siku zile za kwanza za mafua makali. Kichomi kwa aliyezaliwa na selimundu ni adui mkubwa zaidi, kwa kuwa wengu, kiungo kinachosaidia kukamata vijidudu vya namna hiyo katika damu, huharibika mapema kwa wagonjwa hao. Homa ya ini ya B ni hatari maalumu kwa yule ambaye damu yake hutolewa na kurudishwa kwa mashine. Na mkanda wa jeshi, ugonjwa ambao wazee wetu wanaujua kwa maumivu yake ya moto, hupenda kuzuka mwili unapokuwa umelegea kwa uzee au kwa maradhi.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani limekwisha kuwataja watu wenye maradhi ya kudumu kuwa miongoni mwa wanaostahiki kutangulizwa katika chanjo ya mafua na ile ya UVIKO. Nchi nyingi zenye uwezo zimewawekea wagonjwa hawa ratiba yao maalumu, kama vile watoto walivyo na ratiba yao. Huku kwetu ratiba ya mtoto imebandikwa ukutani katika kila kituo. Ya babu yake iko wapi?

SOMO LA MWAKA 2021

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipita katika visiwa vyetu, na hakuna mtaa ambao haukusikia msiba. Tarehe 17 Februari mwaka ule Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, akiwa na umri wa miaka 77, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Wakati huo chanjo ilikuwa bado haijaanza kutolewa katika nchi yetu.

Ilipofika tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye kwao ni Makunduchi na njia ya kwao hupita hapa Tunguu, alichanjwa Dar es Salaam mbele ya watu wote. Shehena ya kwanza iliyofika Bara ilikuwa na dozi 1,058,400, na kwa kuwa hazikuweza kuwatosha wananchi wote, iliamriwa nani atangulie. Wakatajwa makundi matatu: watumishi wa afya, watu waliofikia miaka 50 na kuendelea, na watu wazima wenye maradhi ya kudumu. Unguja na Pemba nako chanjo zilitolewa mwaka huo huo.

Twaomba wasomaji waliangalie jambo hili vizuri. Kwa siku zile, mtu mzima mgonjwa aliwekwa katika safu ya mbele ya chanjo, akatajwa kwa hali yake, akaitwa aje. Lakini wengi walioitwa hawakuja upesi. Uvumi ulikuwa umekwisha kutangulia. Wako walioambiwa kwamba chanjo itawaganda damu, wako walioambiwa kwamba itawakatia kizazi, na wako waliosema, "Mimi mgonjwa tayari, sindano hii itanimaliza." Mambo yalianza kubadilika pale chanjo ilipoacha kumngoja mtu hospitalini, ikatoka kumfuata alipo: sokoni, misikitini, makanisani, kazini na nyumbani. Mtu aliyekataa alipoulizwa na tangazo la redio alikubali alipoulizwa na mtu anayemjua.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya ugonjwa huo imekwisha. Dharura imekwisha, maradhi yangalipo, na wagonjwa wetu wa kudumu wangalipo. Je, nasi tumelifunga daftari lile tukaliweka kabatini? Tukifanya hivyo tutakuwa tumelipa ada ya skuli kwa bei ghali, kisha tukalitupa somo.

CHUMBUNI NA MWAMBE

Liko somo la pili, nalo ni la nyumbani kabisa. Mwaka 2009 katika shehia za Unguja na Pemba ambazo kipindupindu kilikuwa kikirudi mara kwa mara, zikiwamo Chumbuni kwa upande wa Unguja na Mwambe kwa upande wa Pemba, wananchi walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Haikuwa chanjo ya watoto wachanga. Ilikuwa ya kila mtu tangu miaka miwili na kuendelea, isipokuwa waja wazito. Watu waliostahiki walikuwa 48,178, na waliokunywa dozi zote mbili walikuwa 23,921, yaani nusu.

Kipindupindu kikaja, kama ilivyo desturi yake. Wataalamu wakahesabu, na hesabu yao ikachapishwa mwaka 2012, ikasomwa dunia nzima. Ilionekana kwamba waliokunywa chanjo walikingwa kwa kiasi cha asilimia 79. Hilo peke yake lilikuwa ni jambo la kushukuriwa. Lakini lilionekana na la pili, nalo ndilo tunalolitaka hapa: hata wale ambao hawakunywa chanjo, ikiwa majirani zao wengi walikunywa, hatari yao ilipungua. Kadiri waliochanjwa walivyozidi katika ujirani, ndivyo asiyechanjwa alivyosalimika. Ugonjwa ulifika mlangoni kwa jirani ukakuta umefungwa, ukakosa njia ya kwenda nyumba ya pili.

Hapa ndipo ilipo roho ya maneno yetu. Mwili wa mtu ambaye kinga yake imedhoofika hauitiki chanjo sawasawa na mwili wa mzima. Wakati mwingine hupewa dozi za ziada, kama wafanyiwavyo wenye maradhi ya figo kwa chanjo ya homa ya ini, na bado kinga yake ikawa ni ya nusu. Ukuta wake mwenyewe una nyufa. Basi ukuta wake wa pili ni nani? Ni mkewe, ni watoto wake, ni muuguzi anayemhudumia, ni mwenzake wa kazini, ni abiria aliyekaa naye ubavuni. Mwenye nguvu anapochanjwa hajilindi peke yake. Anamjengea ukuta mtu asiyeweza kujijengea. Sisi tuliozoea kusema kwamba binadamu wote ni ndugu, hapa pana mahali pa kulitia neno hilo katika vitendo.

TUNGUU NA GARI LAKE

Itazameni Tunguu. Kwa wazee wetu palikuwa ni mahali pa shamba, katika njia ya kwenda kusini. Leo pana Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichofunguliwa mwaka 1998, na pana kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza masomo mwaka 2001. Asubuhi magari hutoka mjini yakiwa yamejaa vijana waliotoka Pemba, Bara na kila pembe ya Unguja. Na magari hayo hayo hurudi mjini yakiwa yamembeba bibi wa Wilaya ya Kati anayekwenda kliniki ya kisukari, na mzee anayekwenda kupima moyo. Ndani ya gari la abiria watu hukaa bega kwa bega, na kikohozi hakikai kiti kimoja.

Basi Tunguu ni mahali ambapo elimu na udhaifu hupanda gari moja. Na palipo na elimu hatuoni udhuru. SUZA inafundisha waganga na wauguzi. Tungependa kuona vijana wale, kabla hawajapewa shahada zao, wakitoka kwenda Tunguu yenyewe na shehia za jirani, nyumba kwa nyumba, kwa idhini ya masheha na kwa adabu, wauandike ukweli: ni watu wazima wangapi wana maradhi ya kudumu, wangapi wamechanjwa, chanjo gani, na wasiochanjwa wamezuiwa na nini. Taarifa hiyo itakuwa na manufaa kwa Wizara ya Afya kuliko hotuba kumi, na ya kwetu ikiwamo.

HOFU NA MAJIBU YAKE

Hatupendi kumtukana mtu anayeogopa. Hofu ya mgonjwa si ujinga. Amekwisha kuchomwa sindano nyingi, amekwisha kumeza dawa nyingi, na ana haki ya kuuliza juu ya moja zaidi. Wajibu wetu ni kumjibu.

Akisema, "Chanjo itanizidishia ugonjwa," tumwambie kweli. Chanjo nyingi apewazo mtu mzima mgonjwa zimetengenezwa kwa vijidudu vilivyokwisha kuuawa, au kwa vipande tu vya vijidudu, navyo haviwezi kumletea ugonjwa ule. Mkono utauma, mwili pengine utachemka siku moja au mbili. Hatusemi kwamba hakuna udhia. Mara chache sana hutokea madhara makubwa, na ndiyo sababu mtu hukalishwa kidogo kituoni baada ya kuchanjwa ili aangaliwe. Lakini mizani ina pande mbili: upande mmoja uweke homa ya siku mbili, upande wa pili uweke kichomi kwa mtu mwenye moyo mgonjwa.

Lakini pia tumwambie, na hili ni muhimu, kwamba zipo chanjo ambazo si zake. Chanjo zenye vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu, kama ya surua na ya homa ya manjano, hazifai kupewa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana. Huyo hazuiliwi kwa uvumi wa barazani. Huzuiliwa na mganga anayejua hali yake, na akiwa anasafiri kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano, sheria za afya za kimataifa zimemruhusu mganga kumwandikia hati ya udhuru. Tena uko wakati wake. Inapowezekana, mgonjwa huchanjwa kabla ya kuanza dawa zinazoshusha kinga, si baada ya kinga kwisha kushuka. Kwa hiyo hatusemi, "Kila mgonjwa achanjwe kila chanjo." Twasema, "Kila mgonjwa aulize, na kila mganga ajibu."

Akisema mwingine, "Ajali haina kinga, lililoandikwa ndilo litakalokuwa," tutamjibu kwa heshima kwamba mtu huyo huyo hufunga mlango wake usiku. Kutawakali huja baada ya kufunga mlango, si kabla yake. Na waulizwe mahujaji wetu. Kila mwaka wazee wa Unguja na Pemba, wengi wao wakiwa na presha na kisukari, huchanjwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kwenda Makka, kwa sababu Serikali ya Saudia haimpokei hujaji bila ya cheti hicho. Baada ya ugonjwa huo kuzuka katika misimu ya mwaka 2000 na 2001, tangu mwaka 2002 mahujaji wa kutoka nje walilazimishwa chanjo inayozuia aina nne za vijidudu vyake. Wazee wetu huipokea bila ya ubishi, na hakuna asemaye kwamba imani yake imepungua. Basi ikiwa mtu mzima mgonjwa aweza kuchanjwa kwa ajili ya ibada ya mara moja katika maisha yake, kwa nini asichanjwe kwa ajili ya maisha yenyewe?

NANI AFANYE NINI

Maneno bila ya kazi ni kama ngoma bila ya mchezaji. Twataja hapa mambo machache, na kila mmoja ajitafute alipo.

Kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Siku ya kliniki inayokuja, baada ya kupimwa na kupewa dawa, asiondoke. Aulize maswali matatu: Kwa maradhi yangu haya, ni chanjo ipi inayonifaa? Ipo hapa, au niifuate wapi? Iko yoyote ambayo sipaswi kupewa? Maswali haya hayagharimu hata shilingi moja, na mganga mwema hatayachukia.

Pili ni watu wa nyumba yake. Anayeishi na mgonjwa ajue kwamba kinga yake yeye ni sehemu ya dawa ya mgonjwa. Mwenye mafua asimkumbatie mwenye saratani kwa kuonyesha mapenzi. Mapenzi ni kukaa mbali siku zile.

Tatu ni watumishi wa afya. Hatuwaongezei kazi kwa kupenda, maana tunajua foleni walizonazo. Lakini kadi ya kisukari, kadi ya moyo na kadi ya dawa za virusi vya ukimwi zaweza kuongezwa mstari mmoja: "Chanjo alizopata." Mstari ulioachwa wazi humuuliza muuguzi hata akiwa amechoka. Na muuguzi mwenyewe awe wa kwanza kuchanjwa. Habari ya mpishi wa Merca isipate ndugu yake hapa kwetu.

Nne ni wale wahudumu wa jamii. Kupitia mpango wa Jamii ni Afya, watu wa kujitolea hutembelea nyumba katika shehia zetu, wakiwaangalia zaidi kina mama na watoto. Huyu anayebisha hodi kumuuliza mama juu ya mtoto humpita bibi aliyeketi barazani na miguu iliyovimba. Asimpite. Amuulize na yeye.

Tano ni wafanyakazi na vyama vyao. Mwajiri anayemlazimisha mtu mwenye homa kuja kazini hapati kazi. Apata wagonjwa kumi badala ya mmoja. Ruhusa ya nusu siku kwenda kuchanjwa iwe ni haki inayojulikana, si hisani ya kuombwa kwa kunong'ona. Vyama vya wafanyakazi vinavyojadiliana juu ya mishahara vijadiliane na juu ya hili.

Sita ni Serikali na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023. Chanjo si zote zipatikanazo kwa urahisi kwa mtu mzima, na nyingine bei yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha chini. Haifai kumlaumu mwananchi kwa kutokuchanjwa chanjo ambayo hakuwekewa. Tunaelewa kwamba fedha haitoshi kwa kila kitu. Basi ianzwe kwa wachache walio katika hatari kubwa kabisa: wanaosafishwa damu, wenye selimundu, wanaotibiwa saratani. Hesabu yao yajulikana, majina yao yamo katika daftari za kliniki, wala hawahitaji kutafutwa. Gharama ya sindano na ilinganishwe na gharama ya kitanda, hewa ya mitungi na siku za kulazwa, kisha waamuzi waamue.

Saba ni sisi wa siasa na wa magazeti. Ndui haikumuuliza mtu kadi yake ya chama, wala kipindupindu hakikuuliza Chumbuni nani alimpigia nani kura. Tawi lolote linalotumia chanjo kuwa fimbo ya kumpigia mpinzani, au linalonyamaza uvumi ukienea kwa kuwa uvumi huo unamuumiza mtu mwingine, linafanya biashara kwa roho za watu. Mikutano yetu ina vipaza sauti. Vitumike pia kumtangazia mzee mwenye kisukari siku na mahali pa chanjo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa uko wazi na tunauona kila siku ya kliniki: mtu mzima ameketi katika benchi, kadi mkononi, ameandikiwa kila dawa isipokuwa kinga. Mama aliyempakata mtoto amekwisha kutuonyesha njia kwa miaka mingi. Aliambiwa mara moja umuhimu wa chanjo, akaelewa, akaufanya kuwa ada. Sasa yatupasa tumsaidie amshike mkono na mama yake mwenyewe, waende pamoja kituoni, mtoto akachanjwe na bibi akaulize. Siku hiyo ikiwa ni jambo la kawaida katika Tunguu, na kutoka Tunguu ikaenea mpaka Makunduchi, Nungwi na Pemba yote, wagonjwa wetu watakuwa wamepata ukuta, na mawe ya ukuta huo yatakuwa ni sisi.